Gari la Kifahari Katika Nyanda za Ufipa

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani)



Kila mwaka mahindi yanapokauka mashambani na malori yanapoanza kupanga foleni kwenye maghala ya Sumbawanga, Laela na Mpui, kuna jambo jingine nalo huanza kuonekana mjini. Huonekana magari madogo mapya. Nasema mapya kwa maana ya kuwa ni mapya machoni petu, kwani huko Japani yalikotoka yamekwisha kutumika miaka kumi au zaidi. Ni Crown zenye vioo vyeusi, ni Mark II zilizong'arishwa zikang'ara, na mara mojamoja ni Benzi au BMW iliyotoka Dar es Salaam ikapitia Mbeya na Tunduma. Mwenye gari huendesha polepole mbele ya soko, dirisha likiwa wazi ijapokuwa baridi ya Ufipa ya mwezi Julai haina mzaha. Watu hugeuza shingo. Vijana wa bodaboda hutaja ukubwa wa injini kabla gari halijasimama.

Juma hili nimeona tuzungumze habari ya magari hayo: saluni za kifahari zenye nguvu na mbio, jinsi zinavyotofautiana, na hasa maisha ya mtu anayeyamiliki. Nia yangu si kumsuta mtu. Fedha ya mtu ni jasho lake, na aliyeamka saa kumi alfajiri miaka kumi na tano kwenda kupima magunia ana haki ya kukaa kwenye kiti laini. Lakini wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Gari kama hilo limeundwa, na linaendelea kuundwa kila mwezi kwa fedha za mwenyewe. Hilo ndilo jambo ambalo muuzaji hasemi.

Tuanze na historia kidogo, maana gari katika nchi yetu halijawahi kuwa gari tu. Tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, Afrika Mashariki nzima ilikuwa na neno la kumsema mtu aliyepanda cheo akasahau alikotoka: aliitwa mbenzi, na wenzake wabenzi, kwa sababu ya Mercedes-Benz waliyopanda. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko kwa viongozi: wasiwe na mishahara miwili, wasiwe na nyumba za kupangisha, wasiwe na hisa katika makampuni. Baadaye, mwaka 1984, serikali iliwaruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa fedha hizo wamezipataje. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza ile miiko ya viongozi. Tangu hapo bandari ya Dar es Salaam ikafunguka kwa magari ya mitumba, na lile lililokuwa la waziri na mkurugenzi likaweza kuwa la mwalimu, la muuza spea, na la mlanguzi wa maharage.

Hata hivyo, hoja kuhusu wakubwa na magari yao haikuisha. Mheshimiwa Mizengo Pinda, mwana wa Mpanda, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wetu wa Rukwa hadi Katavi ilipozaliwa mwaka 2012, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2008 hadi 2015, na alisema hadharani zaidi ya mara moja kwamba mashangingi yanaila serikali. Majirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi. Katika bajeti ya Juni 2009, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Uhuru Kenyatta, alitangaza kwamba mawaziri warudishe magari makubwa na badala yake wapewe Volkswagen Passat, saluni yenye injini isiyozidi cc 1800. Baadhi yao walinung'unika. Nawaomba msikilizaji ulizingatie jambo hilo: Passat si gari baya hata kidogo, ni gari ambalo daktari wa Ujerumani hulipanda bila haya. Kilichowauma si starehe iliyopungua. Kilichowauma ni kimo kilichopungua.

Sasa tuyatazame magari yenyewe. Saluni hizi zinazofika kwetu twaweza kuzigawa katika koo tatu.

Ukoo wa kwanza ni Mercedes-Benz, hasa ile inayoitwa daraja la E. Ile ya zamani, iliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mwaka 1995 na ambayo mafundi huiita 124, ilijengwa kana kwamba walioijenga hawakutaka kurudi kuuza nyingine. Mlango wake ukifungwa hutoa mlio wa sanduku la chuma. Usukani wake si mwepesi, wala gari halikurupuki, lakini kadiri mwendo unavyozidi ndivyo linavyozidi kutulia. Abiria wa nyuma hulala. Hiyo ndiyo tabia ya Benzi: haikuulizi unataka kukimbia kiasi gani, hukufikisha tu, na wewe unashuka ukiwa hujachoka.

Ukoo wa pili ni BMW, hasa mfululizo wa 5. Hili ni gari la dereva, si la abiria. Usukani wake husema na mikono. Ukikata kona unajua tairi inakanyaga wapi. Lile waliloliita M5, lililotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2003, lilikuwa na injini ya silinda nane, lita 4.9, na nguvu ya farasi 400, ndani ya umbo ambalo mpita njia angelidhani ni la karani wa benki. Mercedes nao walijibu kwa E55 ya AMG, yenye mashine ya kusukuma hewa ndani ya injini na nguvu ya farasi 476. Mbio za Wajerumani hao zilifikia hatua ya makampuni yao kukubaliana kuyafunga magari yasizidi kilomita 250 kwa saa. Magari ya namna hiyo huku kwetu ni ya kuhesabika, lakini ndugu zake wenye injini za silinda nne na sita tunawaona.

Ukoo wa tatu ndio wenye watoto wengi hapa nchini: Toyota. Mark II ya mwaka 1996 hadi 2000, ambayo kila fundi huiita GX 100, na iliyoifuata hadi mwaka 2004, yaani GX 110, ndizo zilizowafundisha Watanzania wengi raha ya injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Ukiiwasha hutetemeki. Ukikanyaga mafuta huchanganya taratibu kama maji yanayojaa mtungini. Juu yake kuna Crown, jina ambalo Toyota wamelitumia tangu mwaka 1955, na ambalo huko Japani lilikuwa gari la mkurugenzi, la polisi na la teksi bora. Crown iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2003 ilibadilishwa kila kitu, na ile iitwayo Athlete ndiyo iliyozizima miji yetu.

Wajapani nao walikuwa na mapatano yao. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 hakuna kampuni ya Kijapani iliyotangaza gari la kuuzwa nchini mwao lenye nguvu inayozidi farasi 280, na magari hayo yalifungwa yasipite kilomita 180 kwa saa. Ndiyo sababu saa ya mwendo kwenye Mark II yako inaishia 180. Wako vijana wanaolitazama tarakimu hilo kama mtihani wa kufaulu. Kumbe ni ukuta.

Hapa sasa, ndugu msikilizaji, ndipo Ufipa yenyewe inapoingia katika hesabu. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini, kama moto wowote, hula hewa. Injini isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa hupoteza huku kiasi cha sehemu moja katika kila sehemu sita za nguvu zake. Kwa hiyo ile Mark II iliyoandikwa farasi 160 kwenye karatasi za Japani, hapa kwetu inakuvuta kwa farasi mia na thelathini na kitu. Umelipia zote, umepanda nazo kutoka bandarini, na nyingine zimebaki njiani zikipungua kadiri barabara ilivyopanda.

Jambo hili wazee wetu wa Kifipa walilielewa kabla ya Wajerumani kuota gari. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, yaliyozidi kimo cha mtu, na tanuru hilo halikuvuviwa na mtu. Lilijivutia hewa lenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kikapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika kusukuma hewa kwa nguvu ili moto uwe mkali. Injini ya kawaida ni kama lile lungu refu: inapata kile ambacho upepo unaipa. Injini yenye tabo ni kintengwe: ina mvukuto wake, na kwa hiyo mlima hauinyang'anyi sana. Atakayeniambia kwamba elimu ya injini ni ya wageni, nitamwonyesha mabaki ya matanuru yaliyosimama Ufipa.

Kimo hiki kina jambo jingine. Maji huku huchemka kwenye kiasi cha nyuzi joto 94, si 100. Gari halipati madhara iwapo mfumo wake wa kupoza injini umefungwa vizuri na unashika shinikizo. Lakini kifuniko cha rejeta kilichochoka, ambacho Dar es Salaam kingekuvumilia mwezi mzima, kwenye milima ya huku kitakuachia injini iliyochemka na gasketi iliyoungua. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo sana. Gasketi ya injini ya silinda sita, pamoja na kusawazisha kichwa cha injini, si kitu cha bei ndogo.

Tuje kwenye barabara. Kabla ya lami, safari ya Sumbawanga hadi Tunduma ilikuwa adhabu. Wakati wa masika abiria walishuka kusukuma basi. Kisha barabara hiyo ya kilomita zipatazo 224 ikajengwa kwa lami kwa fedha za msaada wa Marekani, chini ya mkataba wa Changamoto za Milenia uliotiwa saini mwaka 2008 na kumalizika mwaka 2013. Naweza kusema bila kuogopa kwamba barabara hiyo ndiyo iliyoleta saluni ya kifahari Ufipa. Kabla ya hapo, mwenye fedha alinunua Land Rover, na fundi alimheshimu.

Lakini lami ina mwisho. Ukitoka Ntendo kwenda Muze, ukauteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, unakutana na njia isiyojua jina la kampuni yoyote. Crown ina nafasi isiyofika shubiri moja kati ya tumbo lake na ardhi. Wenye kupenda sifa hukata springi ili gari likae chini zaidi, wakaweka rimu kubwa zenye tairi nyembamba kama mkanda. Gari la namna hiyo linatoka nyumbani kwenda mjini na kurudi. Shambani, kwenye mahindi yaliyolinunua, haliwezi kufika. Mwenyewe hupanda bodaboda kwenda kukagua mali yake, na gari linabaki nyumbani likilindwa.

Na hata kwenye lami yenyewe, ni nani wenye barabara ile? Pale Ndalambo, Laela, Mpui, kuna watoto wa shule, kuna mikokoteni ya ng'ombe isiyo na taa, kuna akina mama wenye vichwa vilivyobeba kuni, kuna baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Sheria yetu inataka kilomita 50 kwa saa katika makazi, na trafiki yuko pale na tochi yake. Gari linalotembea kilomita 140 hupita mita 39 kwa kila sekunde moja. Mtoto anayetaka kuvuka huhitaji sekunde tano au sita. Fanya hesabu mwenyewe: gari aliloliona dogo kule mbali, umbali wa mita 200, limekwisha kufika. Yeye anapima mbio za gari kwa macho aliyoyazoea kwenye malori ya mahindi. Hajafundishwa kupima M5.

Nawaomba wenye magari haya wanisikilize hapo. Breki nzuri za Mjerumani zinamsaidia Mjerumani. Mwenye mkokoteni hana breki hizo. Nguvu ya gari lako inaishia kwenye boneti yako. Hatari yake inaendelea mbele zaidi.

Hata hivyo nisiwe mkaidi. Magari haya ya kifahari yameifanyia dunia jambo jema. Breki zisizofunga tairi, zile zinazoitwa ABS, zilianza kuuzwa kwenye Mercedes kubwa mwaka 1978. Mifuko ya hewa ya kumkinga dereva ilifuata kwenye gari hilohilo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Matajiri walilipa gharama ya majaribio, na leo vitu hivyo vimo katika gari dogo la mwalimu. Kwa hiyo anayechagua saluni nzuri kwa sababu anawabeba watoto wake ana hoja. Sharti moja: ahakikishe kwamba mifuko hiyo ya hewa bado imo. Gari la mtumba lililowahi kugonga mara nyingine huuzwa likiwa na kifuniko kizuri cha usukani ambacho nyuma yake hakuna kitu.

Sasa tuifungue daftari ya matumizi, maana hapo ndipo ndoa nyingi za watu na magari zinapovunjika.

La kwanza ni mafuta. Sumbawanga hadi Mbeya kwenda na kurudi ni kama kilomita 660. Gari linalokula lita 8 kwa kila kilomita 100 litahitaji lita 53. Saluni nzito ya lita 3 inayokula lita 12 itahitaji lita 79. Tofauti ni lita 26 kwa safari moja. Na bei ya lita hapa ni ya juu kuliko Dar es Salaam, kwa sababu EWURA hupanga bei kikomo kwa kila mji ikihesabu na nauli ya kuyafikisha mafuta. Isitoshe, mwaka 2017 ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na fidia yake ikawekwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Wengi walishangilia. Mwenye injini kubwa alishangilia kisha akaendelea kuilipa ada hiyo kidogokidogo kila alipojaza tangi.

La pili ni usafi wa mafuta hayo. Mnakumbuka enzi za uchakachuaji, hadi vinasaba vikaanza kutiwa kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa tamaa ya kuyachanganya. Injini ya zamani ya GX 100 husamehe uchafu mdogo. Injini za Crown zilizokuja baadaye hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa sana, na pampu na nozeli zake hazijui kusamehe. Dumu la petroli la kando ya barabara, ambalo pikipiki hulinywa bila kukohoa, laweza kuzimaliza.

La tatu ni spea na fundi. Hapa naomba tulinganishe kwa haki. Toyota ikiharibika Sumbawanga, uwezekano ni mkubwa kwamba kitu hicho kipo mjini, au kipo Mbeya, na kitafika kesho kwa basi. Benzi ya zamani, ile 124, bado fundi mwenye subira anaweza kuifungua, akaielewa, akaifunga. Lakini Benzi na BMW za baada ya mwaka 2000 ni kompyuta zenye tairi. Haziponi kwa spana. Zinaanza kwa kupimwa na mashine, na mashine ikitaja ugonjwa, dawa yake iko Gerezani au Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa, au iko Dubai. Na hata watengenezaji wenyewe hawakuwa salama. Mercedes daraja la E iliyotoka mwaka 2002 ililetwa na breki zinazoongozwa kwa umeme. Mwaka 2004, na tena mwaka 2005, kampuni ililazimika kuyaita magari mengi sana duniani yarudi kukaguliwa kwa ajili ya breki hizo, na baadaye ikaachana nazo. Gari lilelile leo linauzwa kwa bei ya kuvutia. Mnunuzi na ajiulize kwa nini anavutwa.

La nne ni kodi. Anayeagiza mwenyewe hukutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa ambao huzidi injini inapozidi cc 2000, kisha unaongezewa mwingine gari likiwa na umri mkubwa. Kwa hiyo gari kuukuu lenye injini kubwa huadhibiwa mara mbili mlangoni, kabla halijaadhibiwa na matuta. Kisha ipo bima. Wengi, baada ya kutoa fedha zote kwenye gari, hukata bima ndogo. Hiyo humlipa mtu mwingine utakayemgonga. Gari lako mwenyewe likiteketea, linateketea na mahindi yako.

Naam, tumefika kwenye mahindi, na hilo ndilo lililonileta hapa leo. Mishahara ya Ufipa haiji mwisho wa mwezi. Inakuja mara moja kwa mwaka, pamoja na mavuno. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara ambaye mwaka huu amepata. Ana fedha za kutosha kununua Crown leo, taslimu. Anainunua. Lakini gari halijui msimu. Mwezi Januari, wakati mbolea inatakiwa, ada za shule zinatakiwa, na ghala ni tupu, gari nalo linataka tairi nne na bushi za mbele. Akiinyima gari, inasimama uani na kuku wanalala juu yake. Akiipa, shamba linakosa mbolea, na mwakani hakuna magunia.

Na bei hazina huruma. Wakulima wa Rukwa hawajausahau mwaka 2017, serikali ilipopiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi. Mavuno yalikuwa mengi, mipaka ikafungwa, bei ikaporomoka. Mwenye fedha kwenye akiba alisubiri. Mwenye fedha kwenye gari alitaka kuliuza gari, na akagundua kwamba wenzake wote nao wanauza yao wakati huohuo. Trekta kuukuu msimu mbaya linakodishwa. Mashine ya kukoboa inaendelea kukoboa, maana watu wanakula hata bei ikishuka. Saluni ya kifahari msimu mbaya inaweza kukufikisha msibani tu.

Nimewahi kusikia watu wakisema: mbona unawaambia maskini wasipendeze? La hasha. Mimi nasema gari zuri ni raha halali, lakini raha hununuliwa kwa faida, si kwa mtaji. Anayetoa mtaji kununua raha amekula mbegu. Mfipa hahitaji redio kumweleza mtu anayekula mbegu mwisho wake ni nini.

Kwa hiyo, anayetaka saluni ya kifahari huku kwetu, namshauri ajibu maswali matano kabla ya kutia saini. Je, baada ya kulipa, nimebaki na fedha ya mbolea, ada na chakula hadi mavuno yajayo? Je, nina kando fedha ya matengenezo ya mwaka mzima, ambayo sitaigusa kwa kitu kingine? Je, yuko fundi katika mji huu, si Mbeya, aliyewahi kuifungua injini hii na ikawaka tena? Je, gari hili linafika pale fedha zangu zinapotoka? Na la tano, ambalo ndilo kubwa: je, mama watoto anaijua bei yake kamili? Nimelitaja hilo makusudi. Mkono ulioshika jembe ulikuwa miwili, na mara nyingi ule wa pili ulikuwa wa mwanamke. Si haki yeye aione Crown kwa mara ya kwanza siku ileile majirani wanapoiona.

Akishajibu yote vizuri na bado anataka, basi achague kwa akili. Kwa kimo chetu, barabara zetu na mafundi wetu, Mark II iliyotunzwa, isiyokatwa springi, ndiyo iliyo karibu zaidi na busara. Crown ni ya mwenye kipato kinachoingia kila mwezi. Benzi ya zamani ni ya mtu mwenye subira na fundi wake. BMW mpya mpya za kompyuta na awaachie walio karibu na mashine za kuzipima. Na huyo aliyenunua yoyote kati ya hizo, apunguze mwendo Laela.

Ndugu wasikilizaji, jina la mji wetu, kama wazee walivyotufundisha, maana yake ni tupa uchawi. Uchawi wa siku hizi si lazima uwe hirizi. Upo ule unaokaa machoni pa watu, unaomfanya mtu alinunue gari kwa ajili ya shingo zitakazogeuka sokoni. Shingo hugeuka mara moja tu. Juma la pili watu wameshazoea, na mwenye gari amebaki peke yake na tangi linalotaka mafuta.

Kununua ni siku moja. Kumiliki ni kila siku. Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nawatakieni mavuno mema na safari njema.